Buti Zilizoachwa Mlangoni kwa Rixt

Mdogo wangu Rixt alizaliwa miguu ikitangulia, na mkunga aliyemtoa alisema mtoto wa hivyo huwa mbishi. Yule mkunga alikuwa anatuliza uchovu wake tu, lakini maneno yalishika. Rixt alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mashine ya kukamulia ng'ombe ilikufa asubuhi na mapema, na fundi akasema atakuja kesho yake. Mtoto akaifungua yote juu ya gunia, akakuta mpira umepasuka, akakata mpira mwingine kutoka kwenye buti ya mvua ya Baba. Ng'ombe arobaini wakakamuliwa. Majirani walipomuuliza Baba binti yake kafanyaje, alijibu, "Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Ukimsikia mtu anasifu kuliko hapo, ujue ni mgeni au amelewa. Wengine husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumeamua kutomsifu kabisa ili tusijue. Ubaya wake ni kwamba asiyesifu halalamiki pia. Mpe mtu wa kwetu kiti chenye mguu mfupi, atakikalia miaka ishirini na kusema kimemzoea. Tabia hiyo ndiyo iliyokuja kutuponza nyumbani kwetu, ikisaidiwa na mimi.

Rixt alichomelea vyuma vya mashua miaka kumi na tisa. Ng'ombe walipouzwa alirudi nyumbani, akageuza zizi kuwa karakana ya pikipiki. Nyumba yetu ni moja ndefu, kama zilivyo nyingi huku: watu upande mmoja, zizi upande wa pili, mlango wa jikoni katikati. Kwa hiyo mimi nikipika nasikia spana, naye akifunga nati ananusa supu yangu ya njegere.

Sifa yake ikawa kwa watu warefu. Pikipiki hutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kimo cha wastani, na mtu huyo haishi Friesland. Vijana wetu wakipanda, magoti yanakaribia videvu. Rixt hushusha futresti, pale mguu unapokaa, kisha anapanga upya pedeli mbili: ya kushoto ya gia, ambayo kidole kinaingia chini yake na kuinyanyua, na ya kulia ya breki ya nyuma, ambayo inakanyagwa. Ukishusha futresti ukaacha pedeli juu, umemharibia mtu. Lazima zifuatane, na kila mguu una kipimo chake. Rixt humkalisha mtu juu ya pikipiki, naye anapiga magoti pembeni na kuutazama mguu kwa muda mrefu. Wateja wapya huona haya na kuanza kuomba radhi kwa soksi zao.

Soksi, ndiyo. Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Naitwa Trynke, ni mkubwa wake kwa miaka minne, na nyumba naiendesha mimi. Miaka mitatu iliyopita nilichoka na zizi lenye sakafu ya saruji iliyopasuka, tope linaingia jikoni kila siku. Nikaweka vigae. Vya kijivu cha maziwa, na mabomba ya maji moto chini yake. Nilivipenda kuliko ninavyowapenda ndugu zetu wengine. Kwenye mlango wa nje wa karakana nikaweka rafu ndefu na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: BUTI ZIBAKI HAPA. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu hata daktari huvua viatu mlangoni, na mkulima akiwa na haraka kiasi gani ataviacha viatu vyake vya mti nje ndipo aingie kukwambia nyumba yako inaungua.

Kazi ya kwanza kufanywa juu ya vigae vile ilikuwa pikipiki ya Baba. Magoti yalikuwa yanamsumbua, Rixt akamshushia futresti. Vuli ile ile Baba akaacha kuendesha. Alisema mguu wa kushoto hausikii tena, unakosa gia. Alikuwa na miaka sabini na sita na alikuwa ameendesha hamsini na mitano, nani angembishia? Pikipiki ikafunikwa turubai kwenye kona ya karakana, na Baba akahamia kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni. Kutoka pale alitazama za wengine zikitengenezwa.

Sietske Bouma alikuja Jumatatu alasiri, mvua ikinyesha. Nilimjua, kwa sababu Rixt alikuwa amemtengenezea pikipiki aliyokuja nayo, majira ya kiangazi. Ni muuguzi wa gari la wagonjwa. Huduma yao ilikuwa inataka wauguzi wanaoweza kwenda kwa pikipiki, wapenye penye msongamano na kumfikia mgonjwa wa moyo kabla ya gari. Sietske aliitaka kazi ile kwa roho yake yote. Mama yake mwenyewe alifariki jikoni akisubiri gari lililokwama nyuma ya daraja lililoinuliwa kupisha mashua. Hakutuambia yeye, hayo kila mtu anayajua.

Ana urefu wa mita moja na sentimita tisini na sita. Alivua buti zake mlangoni, namba arobaini na saba, zenye bamba gumu kidoleni na kifundoni kama walivyoagizwa kuvaa, akaingia kwa soksi za sufu na kusimama katikati ya karakana kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nimefeli tena, fundi," alisema.

Ilikuwa mara ya pili kufeli mtihani wa huduma wa kuendesha pikipiki. Uwanjani, kati ya koni, alipotakiwa kupanda gia ya pili mguu ulikosa, gia ikawa haipo kokote, injini ikavuma bure, koni zikaanguka. Msimamizi akaandika kwamba anasita. Huduma iliruhusu mara tatu tu, na ya tatu ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Akifeli, nafasi inakwenda kwa mwingine, na pikipiki inarudishwa. Rixt alimuuliza kwa nini hakuja baada ya mara ya kwanza. Sietske akasema alidhani atazoea.

Rixt akamkalisha. Mguu wa kushoto ukaingia chini ya pedeli bila shida, ukanyanyua, gia ikaingia: tak. Mara kumi, ishirini. Mguu wa kulia ulikaa vizuri juu ya futresti, pedeli ya breki chini yake tu. Kila kitu sawa. Kisha Rixt akazunguka nyuma, akainama, akanusa sahani ya breki. Ilikuwa imebadilika rangi, na ilitoa harufu ya chuma kilichoungua.

"Unaikanyaga breki njia nzima," alisema.

"Siikanyagi. Naapa, fundi."

"Sasa nani anaikanyaga?"

Sietske alivaa buti zake mlangoni. Aliiacha pikipiki, akaondoka na basi.

Jumanne Rixt hakula mchana. Alifungua breki ya nyuma yote, akasafisha, akarudisha. Alifungua kifuniko cha gia, akaangalia meno ya shafti moja baada ya jingine kwa tochi. Alivaa raba zake za kazini, akatoka, akazunguka uwanja wetu mara thelathini, akarudi bila kukosa gia hata moja. Mimi nilimwambia labda kweli msichana anasita, si kila mtu kaumbiwa pikipiki. Baba naye, kutoka kwenye kiti chake, akasema mguu ukichoka umechoka, usiulaumu wala usimlaumu mtu.

Rixt aliweka spana chini. "Ana miaka ishirini na saba, Baba. Umechoka na nini?"

Baba akageukia kahawa yake.

Nilimwacha pale akiwa ameketi kwenye vigae, pedeli ya gia mkononi, anaigeuza. Nikamletea mkate wa sukari, akaula bila kuutazama. Najua sura yake ile. Bandu bandu huisha gogo. Na huyu mdogo wangu huendelea kubandua hata gogo likiisha, anaanza kubandua meza.

Jumatano alimwita Sietske. Akamwambia asiingie ndani, apande pikipiki pale pale nje na kuzunguka kama anavyofanya uwanjani. Kisha akafanya jambo ambalo lingenitia aibu kama majirani wangekuwa karibu: akalala kifudifudi kando ya njia, kwenye majani mabichi, shavu likiwa chini, akamtazama yule msichana akipita. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya nne alipiga kelele asimame.

Rixt aliinuka na tope usoni, akapita moja kwa moja hadi kwenye rafu yangu ya buti. Zilikuwepo za mteja mmoja, zangu za bustani, na mwishoni kabisa za Baba, zimeshika vumbi. Akaingia jikoni, akarudi na rula ninayokatia biskuti. Akamwambia Sietske avue buti moja. Akapima unene wa mguu wenye soksi pale vidoleni: sentimita tano. Akapima buti: tisa kasoro kidogo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na deki mkononi, sakafu bado ina unyevu wa kusafishwa, nikaona uso wa Rixt umebadilika. Alimtazama Sietske, akatazama kibao, akanitazama mimi.

"Vaa," alimwambia Sietske. "Ingia nazo."

Msichana alitazama buti zake. Zilikuwa na tope, na majani, na kile ambacho kondoo wa jirani huacha njiani.

"Rixt," nilisema, "atoke kwanza akajifute."

"Hapana. Aingie hivyo hivyo. Mtihani haufanywi kwa soksi."

"Kwenye sakafu yangu?"

"Ndiyo, dada. Kwenye sakafu yako."

Sikusogea. Ninasema ukweli: nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nilikuwa tayari kumkumbusha nani alipiga magoti kupangusa tope lake miaka yote. Lakini Sietske alikuwa amesimama pale, mrefu kama mlingoti, ananiomba kwa macho, na nikakumbuka kesho yake ni Alhamisi. Nikasogea. Kila hatua yake iliacha alama ya wayo mzima wa tope, na kila alama niliisikia mgongoni.

Akapanda. Rixt akapiga magoti, na safari hii nami nilichungulia, kwa hasira, nikitaka asione kitu. Aliona, na mimi niliona. Kidole cha buti hakikuingia chini ya pedeli ya gia. Kilikuwa kinene mno. Kiligonga pembeni, na Sietske akalazimika kuupinda mguu kwa nje na kuinyanyua kwa ukingo wa soli. Ndiyo maana gia ya pili ilikuwa inakosa. Upande wa kulia ulikuwa mbaya zaidi. Kwenye soksi kifundo hujikunja, mguu unakaa juu ya breki bila kuigusa. Buti ile ngumu haikujikunja. Ilikuwa imelala juu ya pedeli kwa uzito wake wote, na taa nyekundu ya nyuma inawaka, na Sietske ameketi akidhani hakanyagi kitu.

"Hukuwa unasita," Rixt alimwambia. "Mimi nilikupimia mguu ambao huendi nao barabarani."

Kikulacho ki nguoni mwako. Rixt ni fundi hodari, lakini alikuwa amepima kila mguu kwa miaka mitatu ukiwa umevuliwa kwa amri yangu, na wala mimi wala yeye wala mteja hakuwahi kujiuliza. Enzi za saruji watu waliingia na buti, na pedeli zilikaa sawa zenyewe. Kisha ikaja rafu, kikaja kibao, na watu wa kwetu wakaenda nyumbani na pedeli iliyo chini kidogo, wakasema watazoea.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa. Alilegeza bolti, akachomoa mkono wa pedeli ya gia kwenye shafti, akauhamisha jino moja juu. Buti ikaingia lakini kwa kubanwa. Akalegeza nati mbili za kile kifito kinachounganisha pedeli na gia, akakizungusha nusu mzunguko, akamwambia jaribu, akakizungusha tena kidogo. Tak. Tak. Kisha akashusha pedeli ya breki mpaka buti ikawa imelala kwenye futresti peke yake, akaacha nafasi ndogo kabla haijaanza kushika, na akaisogeza swichi ya taa ili isiwake mpaka mtu akanyage kwa kukusudia. Aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa mkono. Lilizunguka bila kukwaruza.

Sietske alizunguka uwanja mpaka jioni. Sikusikia injini ikivuma bure hata mara moja.

Alipoondoka nilichukua ndoo na kuanza kupangusa. Rixt alikuwa anarudisha vyombo vyake. Nilipofika kwenye kona nikakuta nimepiga magoti mbele ya turubai la pikipiki ya Baba, na mkono wangu ukasimama. Niligeuka. Rixt alikuwa anatazama pale pale. Nilirudi kupangusa, kwa sababu Baba alikuwa kwenye kiti chake hatua nne kutoka kwetu.

Usiku ule sikulala vizuri, na nitaeleza kwa nini, ingawa ni aibu. Kipande cha moyo wangu kilitaka Sietske afeli. Akifeli, kosa litakuwa la kwake, la mguu wake, la woga wake. Akifaulu, basi mimi na sakafu yangu tulikuwa tumemnyang'anya baba yetu miaka mitatu ya mwisho wa nguvu zake, na yeye akakaa kwenye kiti akidhani ni uzee. Nilijilaani kwa wazo lile, lakini lilikuwepo.

Alhamisi saa tatu ikapita. Saa nne nilimimina kahawa, hakuna aliyekunywa. Saa nne na robo simu ya Rixt ikalia. Alisoma, akanipa nisome. Sietske alikuwa ameandika kwamba amepita, hakuangusha koni hata moja, na mwisho kabisa: Ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Rixt alifuta macho kwa kitambaa cha grisi, akajipaka mstari mweusi shavuni. Mimi sikumwambia. Nilikwenda kwenye rafu, nikachukua buti za Baba, nikazipangusa vumbi kwa aproni yangu, nikaingia nazo na kupiga magoti mbele ya kiti chake.

"Vaa, Baba."

"Za nini? Miguu hii imekwisha, mwanangu."

"Vaa kwanza. Halafu utuambie kama imekwisha."

Hakutaka. Nilimvalisha kwa nguvu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama alivyokuwa akitufanyia sisi asubuhi za baridi, na nikafunga vishikizo. Rixt alikuwa ameshavuta turubai. Alimshika mkono mpaka kwenye kiti cha pikipiki. Baba alikaa, akashika usukani, na mguu wake wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta pedeli. Kidole cha buti kiligonga pembeni. Akajaribu tena, kikagonga. Akatutazama kama mtu anayesema, mnaona?

Rixt alilala chini na spana. Jino moja juu. Kifito nusu mzunguko. "Sasa," alisema.

Tak.

Baba aliinama kuutazama mguu. Alishusha, akanyanyua. Tak. Alifanya hivyo mara nyingi, nikaacha kuhesabu. Nyuma ya shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Nani aliiweka chini hivi?" aliuliza hatimaye.

Rixt alifungua mdomo.

"Mimi," nilisema.

Baba alinitazama, kisha akatazama vigae, kisha rafu mlangoni na kile kibao changu. Ana miaka sabini na tisa lakini kichwa chake kinakwenda vizuri kuliko vyetu. Alielewa yote hapo hapo. Nilisubiri anifokee, ningefarijika. Akasema tu, "Miaka mitatu nimeuonea mguu huu bure," akaupapasa kwa mkono.

Rixt alihitaji siku mbili kuiamsha ile pikipiki: betri, mafuta mapya, matairi. Jumamosi asubuhi Baba alitoka nayo kwenye njia ya juu ya tuta la mfereji, taratibu, na sisi wawili tukasimama kwenye lango tukisikiliza. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha akawa mbali.

Katika siku zile mbili Rixt alikuwa pia akiwapigia simu wateja wa miaka mitatu, mmoja mmoja, akiwaambia waje na buti zao na wasizivue. Wengi walikiri pedeli ilikuwa chini, walikuwa hawajataka kumsumbua. Mimi nilikuwa nimeshakitoa kile kibao.

Baba alirudi baada ya saa nzima, tope hadi magotini, pua inachuruzika. Alizima injini mlangoni, akainama kwa mazoea na kuanza kufungua vishikizo vya buti.

"Acha hivyo, Baba," nilimwambia. "Ingia."

Alisita kidogo, akaingia. Alivuka vigae vyote mpaka kwenye meza ya jikoni na buti zake, nami nikamtolea kiti na kumimina kahawa.